Foroma Zisizo na Mti

Nyumba Na. 17,
Mtaa wa Ohanku,
Aba.

Jumatatu, 21 Oktoba 2024

Mpendwa Shangazi Nwannediya,

Shikamoo Shangazi. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wote walio chini ya paa lako huko Libreville. Goti linaendeleaje? Mama anauliza kama yale mafuta ya kuchua aliyompa Bwana Ubani akuletee uliyatumia mwenyewe, au uliyagawa kwa wagonjwa wa mtaa mzima kama ulivyozoea. Na binamu yangu Chimdindu je, viatu anavyoshona huko vinanunuliwa?

Sisi huku hatujambo kiasi. Papa sasa anatembea mpaka getini na kurudi bila kushika ukuta. Mguu umerudi, ila mkono wa kulia bado umelala. Mama ana kikohozi cha vumbi na hataki kusikia habari ya hospitali. Mvua zinaanza kutuaga. Umeme ni ule ule: wanauchukua wanapotaka, wanaurudisha wakikumbuka.

Najua utashangaa kupata karatasi zama hizi za simu. Shangazi, nimejaribu kukwambia jambo hili kwa simu mara tatu. Mara zote tatu nikifika tu kwenye "kuhusu zile foroma," unapiga vigelegele na kuanza wimbo wa shukrani, Mama anaitikia kutoka jikoni, na salio linaisha. Karatasi haiimbi. Basi kaa chini, vaa miwani, unisome mpaka mwisho.

Ile picha uliyoiona gazetini, mimi nimeshika foroma ya rangi ya asali na Papa ameshika chekeche la unga wa mbao, ni picha ya kweli. Maneno yaliyo chini yake ndiyo si ya kweli. Foroma ile haifanyi kazi. Haijawahi kufanya kazi hata siku moja.

Meza hilo kwanza, ndipo niendelee.

Kazi ya Papa unaijua kuliko mimi, maana wewe ndiye uliyempeleka kwa mwalimu wake akiwa na miaka kumi na minne. Fundi yeyote wa soko la Ariaria aliyetaka kiatu cha kumkaa mtu wa kwetu, mpana wa vidole na mwembamba wa kisigino, alikuja kwake kuchongewa foroma, ule mguu wa mti wanaouvisha ngozi na kuigongomea misumari mpaka ishike umbo. Kiharusi kilipompata miaka mitatu iliyopita, foroma za mji zikaanza kuchakaa moja moja, na wa kuchonga nyingine hakuna. Zile za kutoka nje zina umbo la miguu ya watu wengine. Mteja anavaa kiatu Jumapili, Jumatatu anakirudisha pamoja na matusi.

Ndiyo sababu niliacha kazi yangu ya kiwanda cha ndoo Port Harcourt nikarudi na ile mashine ya kuchapa vitu. Uliiona kwenye video: inayeyusha uzi wa plastiki na kuutandaza tabaka juu ya tabaka, mpaka kitu kizima kinasimama. Nilipiga picha foroma za Papa kila upande, nikaingiza vipimo kwenye kompyuta. Umbo halikunisumbua. Kilichonitoa jasho ni hiyo plastiki yenyewe.

Uzi unaouzwa tayari umetengenezwa kwa wanga wa mahindi. Unachapa vizuri, laini, hauna ukaidi. Lakini ukiuweka kwenye tanuri ya kukaushia gundi unalegea kama ugali wa maji. Unamkumbuka Fundi Nwaogwugwu, yule wa mstari wa nne ambaye kila Pasaka alikuwa akila kwetu mpaka Mama anaficha sufuria? Nilimpa foroma ya kwanza. Aliirudisha vidole vimekunjamana kuelekea juu, akasema mbele ya mafundi wenzake, "Injinia, mguu huu ulikuwa unacheza ngoma gani?"

Nikahamia kwenye viti vya plastiki vilivyovunjika. Nikavisaga, nikavikamua kuwa uzi. Plastiki hiyo haiogopi tanuri, lakini ikipoa hujikunja, inanyanyuka kutoka kwenye bamba la mashine, na foroma inapinda ikiwa bado haijafika nusu. Halafu msumari ukiingia haushikwi. Ngozi ikivutwa, msumari unachomoka kama jino bovu.

Wazo la unga wa mbao lilitoka kwa Papa mwenyewe. Alisema mti ndio unaojua kushika msumari, basi nichanganye mti. Alitoa maranda yake ya miaka mingi, yale yaliyolala kwenye magunia nyuma ya nyumba, tukayasaga na kuyachekecha. Ilikuwa Januari, msimu wa harmattan, ule upepo wa jangwani, hewa kavu hata midomo inapasuka. Foroma ikatoka rangi ya asali na harufu ya karakana ya Papa. Wiki ile ile akaja yule mwandishi wa gazeti. Aliishika, akainusa, macho yakamlowa. Hakuomba kuona ikigongwa msumari, na mimi sikumwonyesha. Hilo ni kosa langu, nakiri.

Mvua zilipoanza, unga wa mbao ukaanza kunywa maji kutoka hewani. Mashine ikawa inatatarika kama mafuta ya kukaangia. Mdomo wake ukaziba. Foroma zikatoka na vitundu ndani, na Nwaogwugwu alipopiga msumari wa kwanza ikagawanyika vipande viwili mezani kwake. Akaniuliza hii ni foroma au ni biskuti, na kama ni biskuti nimletee na chai. Nilikausha unga kwa jua, kwa moto, kwa tanuri. Nilipunguza kipimo kidogo kidogo. Ukiwa mwingi unaziba mashine, ukiwa mdogo ni rangi tu. Miezi minne, Shangazi, nikipika kitu ambacho dunia ilikuwa tayari imekisifu.

Maana habari ilikwisha kuruka. Papa alibandika ukurasa wa gazeti juu ya kitanda. Alianza tena kunyoa ndevu. Kila asubuhi baada ya uji wake alikuwa anakaa barazani na chekeche, mkono wa kushoto peke yake, akitikisa unga mpaka jasho linamtoka, kisha ananiita, "Binti yangu, unga wako uko tayari." Tangu alipoanguka sikuwa nimemwona akiwa na jambo la kuamkia.

Ningemwambia nini? Nikawa napokea unga, nasema asante Papa, nakwenda kuumwaga kwenye gunia nyuma ya jenereta. Gunia la kwanza likajaa. Nikatafuta la pili. Baba yangu mzazi, nikimdanganya kila asubuhi huku nikimshukuru.

Wakati huo huo kazi ya kweli niliifanya kimya kimya. Viti nilivyopewa na kanisa, vile vya zamani vilivyopauka, vilichapa vizuri bila kujikunja. Kreti mpya za soda zikajikunja. Viti vya ukumbi wa harusi vizuri, beseni baya. Plastiki ni ile ile kwa jina, mashine ile ile, joto lile lile. Hili lilinila miezi mitano, nikidhani nimerogwa. Siku moja kwa hasira nikachoma kipande cha kiti cha kanisa ndani ya kijiko juu ya jiko. Kiliungua chote, kikaacha majivu meupe kama unga wa muhogo. Nikadondoshea siki, yakatoa povu. Ilikuwa chaki, Shangazi. Wenye viwanda huijaza chaki kwenye viti ili kupunguza gharama, na chaki hiyo ndiyo iliyokuwa ikiizuia plastiki isijikunje. Miezi mitano nimetafuta kwa akili kitu ambacho mjanja mmoja alikitia kwa uchoyo.

Basi nikaanza kupima chaki mwenyewe. Chaki nyingi inafanya foroma ipasuke, kwa hiyo nikaongeza mpira wa soli, ule unaoyeyuka, unaobaki kwenye vibanda vya mafundi. Mpira unashika msumari. Lakini mpira ukizidi, foroma inabonyea. Kila ukivuta shuka kufunika kichwa, miguu inabaki nje. Mchanganyiko namba mia moja na arobaini na tatu ndio uliotulia: rangi ya panya, harufu ya tairi. Nwaogwugwu alishonea pea kumi na moja juu yake bila kulalamika, na fundi yule kukaa kimya ni sawa na cheti.

Unadhani kuna aliyejali? Nilimpigia mwandishi nimweleze. Alisema wasomaji waliipenda sana ile ya mbao. Katika simu zako ukaniambia chama cha watu wa nyumbani huko Libreville kimesimama na kupiga makofi kwa ajili ya mbao ya Papa. Kisha Chimdindu akaniagiza pea arobaini, na akasisitiza ziwe "zile zenye mti wa Mjomba ndani". Siku hiyo nilitupa simu kitandani, nikaingia bafuni nikafungulia maji ili Mama asinisikie.

Kilichonikamata hatimaye ni kanisa. Mchungaji alimwomba Papa asimame Jumapili ya pili ya Septemba atoe ushuhuda wa jinsi Mungu alivyourudisha mkono wake ndani ya kazi. Papa akafuliwa kanzu yake nyeupe. Nikaona kumdanganya barazani nimeweza, lakini kumwacha adanganye madhabahuni bila kujua, hilo sitaliweza.

Jumamosi ile nilimpeleka nyuma ya jenereta, nikamwonyesha magunia.

Aligusa gunia la kwanza kwa mkono wa kushoto. Akauliza, "Mangapi?"

"Manne, Papa."

"Yote ni unga wangu?"

"Yote."

Akageuka, akaanza kurudi ndani kwa ile hatua yake ya kuburuta. Mlangoni akasimama bila kunitazama. "Nilijua unanionea huruma," akasema. "Sikujua unanichezea."

Kesho yake mchungaji alipomwita, alisimama, akasema hana ushuhuda, akaketi. Kwa siku tisa hakunisemesha. Akitaka chumvi alimwambia Mama aniambie nimpitishie, nami nikiwa nimekaa kando yake. Ukurasa wa gazeti aliubandua, na chekeche akampa Mama la kuchekechea gari, ule unga wa muhogo. Mama naye akanigeukia, akasema ningengoja angalau mpaka mkono upone. Sasa niambie, Shangazi, nilipokuwa kimya nilikuwa mwongo, niliposema nikawa muuaji. Mtu afanyeje katika nyumba hii?

Siku ya kumi alivaa viatu, akamwambia Mama aniambie nimpeleke Ariaria. Hakusema kwa nini. Tulikwenda moja kwa moja kwa Nwaogwugwu. Mafundi wa mstari wote waliacha kazi kuja kumsalimu, wakimwita Bwana Mkubwa wa Miguu, naye akawaitikia kwa kichwa. Kisha akaomba aonyeshwe ile foroma ya kijivu.

Aliigeuza kwa mkono wa kushoto. Akaigonga kwa kidole, akasikiliza. Akamwambia Nwaogwugwu apige msumari kwenye soli. Ukaingia, ukashika. Nilianza kupumua. Halafu akaomba tupa.

Nwaogwugwu akaishika foroma, Papa akaipitisha tupa juu ya mgongo wa mguu. Badala ya kunyoa, tupa ilichana na kuvuta, ikaacha manyoya ya mpira, na meno yake yakajaa uchafu wa kijivu kama gundi.

"Mteja mwenye nundu kwenye kidole gumba, utamfanyia nini?" akaniuliza. Ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu baada ya siku tisa. "Foroma isiyokubali tupa ni jiwe. Punguza mpira."

Nikamweleza kwamba nikipunguza mpira, msumari hautashika. Nikamweleza habari ya chaki. Nadhani sauti ilinipanda, maana mafundi walitazama pembeni. Nilimwambia kila nikiponya kimoja naua kingine, na nimefanya hivyo mara mia moja na arobaini na tatu, ziko daftarini na tarehe zake.

Papa akaningoja nimalize. Akasema, "Miaka ile tulipokosa mti mgumu, nilichonga kwa mti laini, kisha nikabandika kipande cha ngozi nene chini, pale msumari unapoingia. Juu laini kwa ajili ya tupa, chini kigumu kwa ajili ya nyundo. Nani alikwambia kitu kimoja kifanye kazi ya viwili?"

Nwaogwugwu akacheka mpaka akashika meza. "Injinia," akasema, "miaka miwili unalala nyumba moja na mzee huyu, hukumuuliza?"

Nilitaka kulia, Shangazi, na si kwa furaha. Daftari sita. Macho yangu yameharibika kwa kutazama uzi. Nimenusa moshi wa plastiki mpaka chakula cha Mama kinanuka viti. Na jibu lilikuwa linakaa barazani kwangu likitikisa chekeche, kwa sababu nilimpa kazi ya mgonjwa badala ya kumpa swali la fundi. Njia nzima ya kurudi nilikuwa na hasira, na hata sasa sijui vizuri ni na nani.

Usidhani basi mambo yamenyooka. Chini nachapa mchanganyiko wenye mpira mwingi, juu wenye chaki nyingi. Kwa kuwa matabaka yote mawili ni plastiki ya viti, yanashikana, mradi la chini halijapoa. Lakini kubadilisha uzi katikati kunataka dakika saba, na umeme wetu unajua dakika hizo saba kuliko mimi. Katika foroma sita za kwanza, nne ziliachana pale yanapokutana, kama ndala ya zamani. Jenereta nayo inatetemesha meza. Nimeihamishia mwisho wa ua, majirani wanalalamika.

Na Papa amekuwa mkaguzi. Kila foroma ikitoka lazima aishike kwanza. Anaitia tupa, anaipima kwa uzi, anasema kisigino kimenenepa au mgongo umelala. Jana aliitupa moja kwenye pipa mbele yangu, akijua imenichukua saa kumi na tatu. Nilikwenda kuiokota. Akasema, "Iache, hiyo ni mguu wa maiti." Nikamjibu vibaya. Mama akatukemea wote wawili. Dakika chache baadaye alikuwa anauliza kesho nachapa ya saizi gani.

Sasa ninayokuomba. La kwanza, kwenye mkutano wa chama wa mwezi ujao, simama uwaambie kwamba foroma zisisifiwe mpaka zimetumika, na kwamba mti wa Papa haumo. Nimemuuliza Papa kama niandike hivyo. Amesema niandike, na niongeze kuwa waliopiga makofi si wao wenye kosa.

La pili, mwambie Chimdindu pea arobaini sina. Hata nne sina. Ninayo pea moja iliyopita mkononi mwa Papa, saizi arobaini na mbili, nayo nimemkabidhi Bwana Ubani pamoja na barua hii. Ni mbaya kutazama. Mwambie asiiweke kabatini, asiipige picha. Aigongomee, aitie tupa kila upande, aiingize tanurini hata mara hamsini, afanye nayo kila ubaya anaoujua. Ikivunjika aniandikie imevunjikia wapi, juu, chini, au pale katikati, na ilikuwa siku ya ngapi. Papa ndiye atakayesoma majibu.

Nisalimie Chimdindu na mkewe Olachi, na wale mapacha wao ambao bado sijawatia machoni. Msalimie pia Daa Ugonma wa duka la vitambaa. Mama anakusalimu, na anasema goti lisiende sokoni. Papa anakusalimu pia. Amekaa hapa kando ananiuliza kwa nini naandika maneno mengi hivi, eti wewe barua ndefu huzimalizi.

Mungu akulinde, akupe miguu ya kuja Krismasi, na kiatu cha kuingia ndani yake bila kukubana.

Ni mimi binti wa ndugu yako, akupendaye hata akiwa amekasirika,

Ulunma